Dakika Thelathini Bila Salamu

Kipimo cha kwanza cha presha kilisoma mia moja hamsini na mbili kwa tisini na sita. Janeth, muuguzi wa kituo cha afya, alihamia mkono wa pili, akangoja dakika tano, akapima tena, na namba zikarudi zilezile. Jenoveva aliziandika katika daftari lake la kazi, chini ya vipimo vya chemchemi alivyochukua asubuhi ile, kwa kuwa ndilo daftari alilokuwa nalo mkobani.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei. Jenoveva alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Bujumbura, fundi wa mradi mdogo wa maji uliokuwa ukihesabu chemchemi za mabonde yanayozunguka Malindi ya Lushoto, kule milimani: ngapi zimebaki, kila moja inatoa lita ngapi kwa sekunde, ipi hukauka mwezi wa kumi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kushuka bondeni peke yake na kupanda tena. Bima ya mradi ilikuwa na sharti kwamba anayeshuka peke yake lazima presha yake iwe chini ya mia moja arobaini kwa tisini. Vidonge angeweza kuanzishiwa siku hiyohiyo, lakini sharti lilisema pia kwamba aliyeanza vidonge asishuke bondeni kwa miezi sita, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa Agosti. Bila cheti hakuna mkataba mpya, bila mkataba hakuna kibali cha kuishi nchini, na bila kibali ni kurudi Bujumbura kwa mama yake.

Janeth alimpa wiki kumi na mbili. Alimwambia apunguze chumvi, alale mapema, na afanye mazoezi ya kumtoa jasho, si ya kutembea huku anachuma maua. Jenoveva alijibu kwamba hakuwa na desturi ya kuchuma maua. Janeth akamtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Nyumba ya mama yake haikuwa mbaya. Ilikuwa na vyumba vinne, na kimoja kilikuwa cha Kornelio, mdogo wake Jenoveva. Kornelio alikuwa akikimbia na klabu ya Jumamosi, kama walivyofanya maelfu ya watu wa mji ule, kwa mistari ya watu watatu watatu barabarani, wanaimba, na mmoja mbele anawaimbisha. Anayewaimbisha alikuwa Kornelio. Mwaka 2014, mwaka ambao kukimbia kwa makundi barabarani kulipigwa marufuku mjini, kundi lao lilitoka asubuhi moja likiwa na watu kumi na wanne. Walirudi kumi na watatu. Wako waliosema Kornelio aliingizwa kwenye gari, wako waliosema alikimbilia upande wa ziwa. Jenoveva alikuwa mmoja wa wale kumi na watatu, mstari wa nne, na hakuona chochote isipokuwa mgongo wa aliyekuwa mbele yake.

Mama yao alikataa matanga. Alisema mtu ambaye hajafa haliliwi, na kwa miaka kumi na mmoja shuka za chumba kile zilikuwa zikibadilishwa kila Jumapili baada ya misa. Jenoveva hakubishana naye. Hakuwa na ushahidi wa upande wowote. Alichofanya ni kutafuta kazi nje ya nchi, na alipoipata akaenda.

Mwaka wake wa kwanza aliishi Lushoto mjini, na huko alitafuta klabu kwa namna alivyotafuta chemchemi: aliuliza, akaenda, akapima, akaandika. Ijumaa kulikuwa na netiboli ya walimu wa kike na wanawake wa ofisini. Walimpokea vizuri kwa sababu ya urefu wake, wakamweka kwenye ufungaji, na alifunga mabao thelathini na moja katika mechi nne. Jumanne kulikuwa na mazoezi ya viungo kwa muziki kwenye ukumbi mmoja, yakiongozwa na mwanamke mnene kuliko wanafunzi wake wote na mwepesi kuliko wote. Jenoveva hakukosa hata mara moja. Si kwamba alifurahi. Alikwenda, mwili ukafanya kazi, akarudi, akalala. Kisha mradi ukamhamishia Malindi, karibu na mabonde, na netiboli na ukumbi vikabaki mjini, mbali mno kwa mtu anayetoka bondeni saa kumi na moja jioni.

Malindi palikuwa na klabu moja tu, na ilikuwa ya kukimbia.

Katibu wake aliitwa Januari, fundi cherehani, mwanamume wa miaka thelathini na tano mwenye maneno mengi na mapafu ya kuyabeba. Wanachama walikuwa ishirini na wawili, wenye fulana za manjano alizozishona mwenyewe. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, Januari akapuliza filimbi, wakaondoka kwa mistari, wanaimba. Jenoveva alikwenda Jumamosi moja. Alikuwa amevaa raba, amefunga kamba mara mbili, amesimama mstari wa mwisho. Filimbi ikalia, watu wakaanza, na miguu yake ikasimama. Hakuogopa. Moyo haukumwenda mbio, kwani alitazama saa yake ya mkononi ikamwonyesha sabini na nane. Miguu tu ndiyo haikwenda, kama gari lililoishiwa mafuta. Alikaa kwenye jiwe mpaka walipokata kona, kisha akarudi nyumbani kuosha vyombo.

Kwa hiyo alikimbia peke yake. Mara nne kwa wiki, saa kumi na mbili na robo, alitoka nyumbani kwa Bi Elieshi alikopanga chumba, akateremka mpaka uwanjani, akafuata kijito ambako watu huoshea karoti, akapanda hadi njia panda ya kanisa la Kilutheri, akarudi kwa njia ya juu. Kilomita nne na nusu. Januari akimkuta barabarani hakuacha kumchokoza.

“Dada Jeni, unakimbia peke yako kama umeiba kuku. Njoo kundini, ukikamatwa tukamatwe wote.”

Hakujua alichokuwa anasema. Jenoveva alimjibu kwamba peke yake anakwenda kasi anayoitaka, na Januari akasema kasi yenyewe ameiona, ni ya bibi anayewahi ibada.

Hapo alikuwa na haki, na sababu ilikuwa salamu. Asubuhi njia zile hazikosi watu. Wanaokwenda shamba, wanaoshusha kabichi, wanaopeleka maziwa. Karibu nusu yao ni watu wazima wa kuamkiwa, na shikamoo ya huko haitupwi kwa kupita. Mtu husimama. Hutoa shikamoo, hupokea marahaba, huulizwa ameamkaje, huulizwa wa nyumbani, huulizwa wa kwao Burundi, naye huuliza baridi na viazi. Wengine huanza upya kwa Kishambaa, onga maundo, wamwone kama amejifunza kujibu. Jenoveva alisimama kwa kila mmoja. Alifunzwa hivyo kwao pia, na Bi Elieshi alimwambia siku ya kwanza kwamba mpangaji wake akimpita mzee bila kumwamkia, aibu inaingia kwenye nyumba yake na si ya mpangaji.

Wiki ya saba Janeth alimpima: mia moja arobaini na sita kwa tisini na nne. Akaomba kuiona ile saa, akapitia mapigo ya moyo ya wiki nzima kwa kidole, kisha akasema haya si mazoezi, hii ni ziara. Moyo unapanda dakika mbili, unashuka dakika moja, unapanda, unashuka. Alitaka dakika thelathini zisizokatika. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Jenoveva alifanya hesabu yake nyumbani. Kwa wastani alisimama mara ishirini na tatu katika mzunguko mmoja. Kwa wastani kila salamu ilichukua sekunde ishirini na nane. Jumla, dakika kumi na sekunde arobaini na nne. Hakukuwa na njia nyingine isiyo na watu, kwa sababu huko watu wameenea kila kilima. Kuchelewa kutoka ni kukutana na wengi zaidi, na kuwahi ni giza na utelezi. Aliamua kwamba kuanzia Jumanne atakimbia bila kusalimia, na kwamba Jumapili baada ya ibada atapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazee sababu na kuomba radhi. Aliona ni mpango wa haki. Aliuandika.

Jumanne ile kulikuwa na ukungu mzito na baridi ya Julai. Alianza saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Jonas, mzee wa kanisa, anateremka na jembe begani. Alikuwa ameshatabasamu kuipokea shikamoo yake. Jenoveva alikaza macho kwenye barabara, akampita. Kwa pembe ya jicho alimwona anasimama, anavua kofia. Alidhani ni mshangao.

Kwenye kijito wanawake watano walikuwa wanaosha karoti. Paskalina, jirani wa Bi Elieshi, mwenye sauti ya kusikika ng’ambo ya bonde, alimwita kwa jina. Jenoveva hakuitika. Alisikia ndoo inawekwa chini, kisha nyingine. Saa ilionyesha mapigo mia moja thelathini na tisa na hayakushuka. Aliona kwamba Janeth alisema kweli: moyo ukiachwa bila kukatizwa hujipangia mwendo wake.

Ndipo akasikia hatua nyuma yake.

Mwanzo zilikuwa za mtu mmoja au wawili, kandambili zinapiga tope. Alipoanza kupanda kuelekea kanisani zilikuwa nyingi asizoweza kuzihesabu, za raba, za buti za mpira, za miguu mitupu. Hakugeuka. Hakuna aliyeita, hakuna aliyezungumza. Kundi linalokimbia huwa na kelele, hilo alilijua kuliko wengi, na hili lilikuwa kimya kabisa, pumzi tu na miguu. Alingoja miguu yake isimame. Haikusimama. Ilizidi. Saa ikaonyesha mia moja hamsini na nane, mia moja sitini na tano, na kila alipoongeza kasi hatua za nyuma nazo ziliongeza. Pale njia panda mwanamume aliyekuwa anafunga gunia la kabichi aliliacha wazi akaingia barabarani. Mama mmoja alitoka mlangoni, mikono ina unga, akaufunga mlango nyuma yake, akaingia barabarani.

Alifika uani kwa Bi Elieshi baada ya dakika ishirini na nane. Akasimama kwa sababu njia ilikuwa imekwisha, akageuka.

Watu waliingia mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu, wakajaa ua. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga viunoni. Watatu walikuwa na kuni mikononi, na hakujua walizichukua wapi. Aliwahesabu, kwa mazoea: arobaini na watatu. Bi Elieshi alitoka jikoni, akauona ua, akaegemeza mwiko ukutani taratibu, akaja kusimama karibu na Jenoveva, akamshika kiwiko.

Mzee Jonas ndiye aliyefika wa mwisho, kwa umri wake. Watu walimpisha. Alingoja pumzi imrudie.

“Mwanangu,” alisema. “Nani?”

Jenoveva alimtazama bila kuelewa. Bi Elieshi akamweleza sikioni kwa sauti ya chini, kwa maneno machache. Huku kwetu anayebeba habari ya msiba hasalimii. Salamu inauliza uzima, naye amebeba kinyume chake. Akisalimia atakuwa amesema uongo. Anakimbia kimya mpaka nyumbani, na kila aliyepitwa bila salamu anaacha alichoshika na kumfuata, ili akifika asiwe peke yake. Wewe uliyesimama kwa kila mtu wiki saba, leo umempita Mzee Jonas. Wangeelewa nini kingine?

Jibu sahihi lilikuwa wazi. Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nafanya mazoezi, mniwie radhi. Alilipanga kichwani, sentensi mbili. Watu arobaini na watatu walikuwa wameacha karoti majini na mashamba katikati ya msimu, na walistahili kuambiwa ukweli. Alifungua mdomo kuwaambia.

“Mdogo wangu,” alisema. “Kornelio.”

Bi Elieshi akakaza kidole kwenye kiwiko chake. Mzee Jonas aliinamisha kichwa. “Lini, mwanangu?”

“Miaka kumi na mmoja iliyopita.”

Paskalina, aliyekuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kilio, aliiachia taratibu puani. Akatazama huku na huku, akasema alichokuwa anawaza kila mtu.

“Kwa hiyo leo hakuna aliyekufa.”

“Paskalina,” Mzee Jonas alisema, hakumgeukia. Kisha akamwuliza Jenoveva, “Mlimzika wapi?”

“Hatukumzika. Hakupatikana.”

“Na matanga?”

“Hayakukaliwa.”

Mzee Jonas alifikiri. Aliangalia watu, akaangalia kuni, akaangalia jua ambalo halikuwapo. Ungeweza kusema alikuwa anapima kama kosa la kuwatoa watu kazini linalingana na kosa la kumwacha mtu miaka kumi na mmoja bila matanga. Kama ni hivyo, hakuchukua muda. Alivuta gogo lililokuwa kando ya banda la mbuzi, akakaa. Na alipokaa yeye, wakakaa wote.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu ambao kila mmoja aliujua isipokuwa mwenye msiba. Kuni zikawashwa. Mikeka ikaletwa kutoka nyumba tatu. Debe la viazi likaja bila kusemwa limetoka wapi. Wanaume walikaa upande wa banda, wanawake upande wa jiko, na Jenoveva akakalishwa kwenye mkeka na mgongo wake ukaegemezwa ukutani, akavuliwa raba, akafunikwa blanketi. Wanawake walilia. Paskalina alilia kuliko wote, kwa sauti ile ya kuvuka bonde, akamtaja Kornelio kwa jina kama mtu aliyemlea, na alipomaliza alifuta uso kwa ncha ya khanga akauliza kisu kiko wapi, viazi havijimenyi.

Jenoveva hakulia. Alijiangalia kama angelia, na ndani alikuta kimya kilekile alichokizoea. Aliulizwa Kornelio alikuwa mtu wa namna gani, akajibu kwa mambo anayoyajua kwa hakika: alizaliwa mwaka gani, alikuwa fundi wa umeme wa magari, alipenda dagaa, hakujua kuogelea. Alisema pia ilivyokuwa siku ile, watu kumi na wanne, mstari wa nne, mgongo wa mtu. Hakuwahi kuyasema kwa mpangilio huo mbele ya watu. Yalichukua dakika tatu hivi.

Januari alifika kama saa nne, futi ya kupimia nguo bado inaning’inia shingoni, akaelezwa yote kwa Kishambaa na watu wanne kwa pamoja. Alikuja kuchuchumaa mbele ya mkeka. Akauliza, “Alikuwa anakaa mstari wa ngapi?”

“Mbele. Yeye ndiye aliyekuwa anaimbisha.”

Januari aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. “Na mimi nilikuambia tukamatwe wote,” alisema. “Nisamehe, dada.”

“Hukujua.”

“Sikujua. Lakini nilisema.”

Mzee Jonas aliomba kabla watu hawajatawanyika. Alilitaja jina lote, la ubatizo na la ukoo, baada ya kumwuliza Jenoveva mara mbili linavyotamkwa. Akatangaza kwamba matanga yatakuwa siku saba, kwa kuwa marehemu amengoja vya kutosha, na kwamba jioni watu watapokezana.

Ugumu ulitokea kesho yake. Saa kumi na mbili na robo Bi Elieshi alimkuta Jenoveva mlangoni, anafunga raba.

“Unakwenda wapi?”

“Shikamoo, mama. Nakwenda kukimbia. Nimebakiza wiki tano.”

“Marahaba. Mfiwa hatoki peke yake,” Bi Elieshi alisema. “Hata mtoni haendi peke yake. Siku saba.”

Jenoveva akaeleza kuhusu cheti, bima na kibali. Bi Elieshi alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kusikiliza mpaka mwisho. Hakumkataza kukimbia. Alichokataa ni peke yake, na kwa jambo hilo asingerudi nyuma hata hatua moja. Yeye mwenyewe ana miaka sitini na saba na goti bovu. Akafunga khanga, akaenda kwa Januari.

Walikuja sita. Hawakuvaa fulana za manjano, na Januari hakubeba filimbi, kwa sababu msibani haipulizwi. Walimweka katikati. Jenoveva alisema jambo ambalo alidhani ni haki walijue, kwamba miguu yake ina tabia ya kukataa kundi. Januari akasema jana imekimbia na wazee na wanawake wenye ndoo, na leo ikikataa watamngoja. Waliondoka kimya. Miguu ilikwenda.

Kilichomshangaza, kwa kadiri alivyoweza kushangaa, kilikuwa kingine. Kwenye kijito wanawake walisimama, wakawasalimia wale sita, na wale sita wakajibu na kuamkia kwa niaba yake huku wanakwenda, maneno machache, bila kusimama. Mfiwa akiwa njiani hasalimii wala hasalimiwi. Walio naye ndio husalimia watu. Mzee Jonas alipita na jembe lake, akavua kofia, akaendelea. Hakuna aliyemsimamisha hata mara moja. Walipofika uani alitazama saa: dakika thelathini na moja, mapigo mia moja thelathini na sita kwa wastani, mstari mmoja usiokatika. Akaiandika. Kesho yake walikuja tisa.

Siku ya nne, jioni, alimpigia simu mama yake. Hakuwa amepanga. Alimwamkia, akamwuliza hali, kisha akamwambia kwa Kirundi, moja kwa moja, kwamba watu wa Malindi wanamkalia matanga Kornelio, na kwamba ni yeye aliyesema amekufa.

Kwa nyuma palisikika redio ya jirani.

“Walikuja wangapi?” mama yake aliuliza.

“Siku ya kwanza arobaini na watatu.”

“Walikula?”

“Viazi na maharage.”

“Nani aliyeomba?”

“Mzee mmoja wa kanisa. Mlutheri.”

“Mlutheri,” mama yake alisema, kama anayeweka kitu mezani kukitazama. “Alitaja jina lote?”

“Lote.”

“Wewe ulilia?”

“Hapana, mama.”

“Mimi pia hapana,” mama yake alisema. Akaaga, akakata simu. Jumapili ilipofika Jenoveva hakuuliza kama shuka zimebadilishwa.

Matanga yalipokwisha, watu walirudi kumsalimia, naye akarudi kusalimia. Lakini asubuhi, akiwa na wale wa klabu, walimpitisha kwa maneno machache, kwa mazoea yaliyoanza msibani na hakuna aliyeona haraka ya kuyavunja. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa Jumanne ile kama alivyokusudia. Wengi hawakuelewa anaomba radhi ya nini. Paskalina alielewa, akasema radhi anaitoa lakini karoti zake nne zilichukuliwa na maji, na anazikumbuka zote kwa sura.

Wiki ya kumi na mbili Janeth alimpima mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akangoja dakika tano, akapima tena. Mia moja thelathini na sita kwa themanini na nane. Alijaza cheti, akakipiga mhuri, akamwambia asiache. Jenoveva aliahidi hataacha. Alipotoka nje alisimama kidogo penye baraza, akingoja kuhisi kitu, kisha akaona kuna gari la mradi linapita akalipungia mkono.

Jumamosi iliyofuata alikwenda uwanjani. Fulana za manjano zilikuwa zimesharudi. Januari alimletea karatasi, akasema sasa mambo yawe rasmi, huwezi kukimbia na watu wiki tano kama mgeni, katiba ya klabu hairuhusu. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa mkono, imetolewa nakala mpaka mistari imepinda. Jina. Umri. Kazi. Ugonjwa wowote. Aliandika presha, na mbele yake namba zote tatu, kwa tarehe.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa ndugu au mtu wa kuarifiwa jambo likitokea. Kalamu ilikaa juu yake kitambo. Kisha akaandika Elieshi, na namba ya simu aliyoijua kwa moyo. Penye uhusiano aliandika mwenye nyumba, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Akairudisha karatasi.

Januari aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamwuliza, si kwa sauti ya kusikika na wengine, kama leo waendelee kwenda kimya.

“Imbeni tu,” Jenoveva alisema.

“Una uhakika?”

“Sina. Lakini klabu yenu ni ya kuimba.”

Akaenda kusimama mstari wa nne, kulikokuwa na nafasi. Mbele yake kulikuwa na mgongo mpana wa manjano wa muuza kabichi. Filimbi ikalia.

Aliondoka pamoja na wengine. Maneno ya wimbo hakuyajua, na walipofika kwenye kijito bado alikuwa hajayashika. Alisogeza mdomo pale palipokuwa na vokali ndefu, na mtu wa kushoto kwake, bila kuacha kukimbia, akaanza kumtajia mstari kwa mstari.